Shahada ya Macho na Hukumu ya Ubongo

Nyamwage, pale barabara ya Utete inapochepuka kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi, lami iliyopigwa na jua la mchana huonyesha dimbwi la maji ambalo humkimbia kila anayelikaribia. Hali hiyo, iitwayo mazigazi au sarabi, hutokea kwa sababu hewa yenye joto kali iliyo karibu na lami huupinda mwanga ushukao kutoka angani na kuuelekeza jichoni, hata mtu akaona anga mahali alipotazamia kuona barabara. Jicho halikudanganyika, maana mwanga huo umelifikia kweli, na hata kamera huunasa. Kilichoongezwa ni kauli kwamba hayo ni maji, nayo imetoka kwenye ubongo.

Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, aliikataa rai ya kale kwamba jicho hutoa miali, akafundisha kwamba mwanga ndio uingiao jichoni, na kwamba mengi katika kuona ni hukumu ipitayo upesi mno hata mwenye kuhukumu asijitambue. Sayansi ya leo imemthibitisha. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho upokeao mwanga, ina chembe zaidi ya milioni 100 za kuhisi mwanga, ilhali neva ipelekayo habari ubongoni ina nyuzi zipatazo milioni moja tu; na pale neva hiyo inapotokea hapana chembe hata moja ya kuhisi mwanga, lakini hakuna aonaye tundu mbele yake, kwa kuwa ubongo hulijaza pengo kwa kukisia kutokana na yaliyo pembeni.

Ikiwa kuona kumechanganyika na kukisia, shahada ya aliyeona ina uzito gani mbele ya dini? Swali hili huwarudia Waislamu wa pwani kila Ramadhani inapokaribia na watu wanapoutafuta mwezi mwandamo. Inasimuliwa kwamba Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, akiwa mzee wa karibu miaka mia, alisema ameuona mwezi ambao wenzake hawakuuona. Kadhi Iyas bin Muawiya akamtazama, akaona unywele mweupe wa nyusi umejipinda mbele ya jicho lake, akausawazisha, kisha akamwomba aonyeshe tena mwezi ulipo, naye asiuone. Anas hakusema uongo: unywele ulikuwepo, umbo lake lilifanana na mwezi, na matarajio yakakamilisha yaliyobaki. Kadhi naye, na hapa ndipo palipo na hekima kubwa ya kisa hiki, hakugusa heshima ya mzee wala imani yake, bali aliuchunguza mwonekano wenyewe.

Ukweli wa mtu na usahihi wa anachokiona ni mambo mawili, na kuyachanganya ndiko kunakowafanya waumini wa mtaa mmoja watuhumiane kwa sababu ya mwezi. Apokeaye habari ya mwandamo na amwulize shahidi aliuona upande gani, saa ngapi, na nani alikuwa naye, kabla ya kuitilia shaka dini yake.