Kelele ya Propela na Swali la Sababu

Propela shafti ni bomba la chuma linalopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi kwenye difu. Gari la porini kama Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 lina propela mbili: ya nyuma, inayofanya kazi muda wote, na ya mbele, inayovuta dereva anapoweka fowili. Kila moja ina krosi huku na huku, na ina sehemu yenye meno inayoteleza ili shafti irefuke na kufupika kadiri springi zinavyopanda na kushuka. Vyote hivi viko chini ya bodi, na vikishaanza kuzunguka hakuna jicho la kuvifuata. Kinachomfikia dereva ni sauti tu. Fundi anayeletewa gari la namna hiyo anakabidhiwa pia, apende asipende, swali ambalo wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi: aliyesikia tokeo anaweza kudai kwamba anakijua chanzo asichokiona?

Jibu la kwanza la gereji ni la dalili. Dalili ya mvua ni mawingu, na kila kelele ina wingu lake. Mlio mwembamba kama wa kifaranga, unaosikika gari likitembea polepole, huelekeza kwenye krosi iliyokauka grisi. Kishindo kimoja dereva anapoachia klachi, au anapotoka gia ya mbele kwenda rivasi, huonyesha kwamba mahali fulani kuna mchezo uliozidi. Mtetemo unaozuka mwendo ukifika kiwango fulani huitia mashakani shafti yenyewe: imepinda, imedondosha kile kibati cha balansi, au imegandiwa na tope upande mmoja. Mvumo unaobadilika mguu ukiondolewa kwenye mafuta mara nyingi ni wa difu.

Hesabu nayo husaidia. Tairi lenye mzingo wa karibu mita 2.5, kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, huzunguka karibu mara 9 kwa sekunde. Kama difu ina uwiano wa 4.1, propela huzunguka karibu mara 36 katika sekunde hiyo hiyo. Mtikisiko mzito unaokaribia kuhesabika ni wa gurudumu. Ule wa haraka, unaofanya kioo cha pembeni kitetemeke hadi picha ivurugike, ni wa propela. Tofauti hiyo peke yake huokoa fedha nyingi za kubalansi matairi yasiyo na kosa.

Hata hivyo dalili moja ina wazazi wengi. Kishindo cha kuondoka kinaweza kutoka kwenye krosi, kwenye meno ya kuteleza, ndani ya difu, au kwenye bushi za ekseli zilizokwisha. Kokoto iliyonasa nyuma ya diski ya breki hulia karibu sawa na krosi kavu. Isitoshe, sauti husafiri kwenye chesisi, na abiria anayeapa kwamba kelele iko chini ya kiti chake huenda anasikia kitu kilicho mita mbili nyuma.

Ugumu huu ulichambuliwa muda mrefu kabla ya magari. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa mfano wa pamba na moto: anayetazama huona pamba ikiungua wakati inapogusana na moto, lakini haoni kwamba imeungua kwa sababu ya kugusana. Kwake yeye, vitu hivyo viwili huandamana kwa mapenzi ya Mwenyezi Mungu, wala havina ulazima wa kwao wenyewe. David Hume, Mskoti wa karne ya 18, alifika karibu na hapo bila kumtaja Mungu: tunachokiona ni jambo moja kufuatwa na jingine, na imani kwamba la kwanza limezaa la pili ni mazoea ya akili. Ibn Rushd alikuwa amekwisha kumjibu Al-Ghazali kwamba anayekana sababu anaikana elimu yenyewe.

Fundi mzoefu husimama katikati ya mabishano haya. Ujasiri wake mwingi ni mazoea hasa: amesikia mlio ule, akafungua, akakuta krosi imekufa, na hayo yamejirudia miaka yote. Mazoea hayo ni mali, ila hayana jinsi ya kumwonya siku kokoto inapolia kwa sauti ya krosi. Siku hiyo anahitaji zaidi ya sikio.

Anachohitaji ni kuingilia kati, yaani kuondoa kitu kimoja na kuacha vingine vyote kama vilivyokuwa. John Stuart Mill aliieleza kanuni hiyo mwaka 1843 katika kitabu chake cha mantiki, na gari la fowili karibu limeundwa kwa ajili yake. Land Cruiser yenye habu za kufungua kwa mkono huruhusu propela ya mbele ipumzike: habu zikifunguliwa na gari likaendeshwa kwa magurudumu ya nyuma tu, propela ile haizungushwi tena. Kelele ikinyamaza, msako unahamia mbele. Ikibaki, propela ya nyuma inaweza kufunguliwa na kuwekwa pembeni, habu zikafungwa, na gari likavutwa na ekseli ya mbele kwa muda mfupi, taratibu, kwenye tambarare. Jambo la kuangaliwa ni breki ya mkono: kwenye Land Rover Defender za zamani hukamata ngoma iliyo nyuma ya transfa, yaani gia boksi inayogawa nguvu kati ya propela mbili, badala ya magurudumu, kwa hiyo propela ya nyuma ikitoka, magurudumu ya nyuma hayana tena cha kuyashika. Mawe chini ya matairi ni ya lazima.

Hata jaribio hilo si safi kama linavyoonekana. Propela ya nyuma ikitolewa, difu ya nyuma nayo inaacha kubeba mzigo, na difu isiyobeba mzigo inaweza kunyamaza ingawa ni mbovu. Ukimya umesema tu kwamba kosa liko kwenye shafti au kwenye kitu kinachosukumwa na shafti. Ndiyo maana hatua inayofuata ni ya mikono. Magurudumu yakiwa yamezuiwa na gia ikiwa nyutro, fundi hushika pande mbili za krosi na kuzizungusha kwa kupingana. Krosi nzima haina mchezo wa kuhisika. Mbovu hugonga mkononi, na mara nyingi pembeni mwa vikombe vyake kuna unga mwekundu wa kutu, ishara kwamba maji yaliingia na grisi ikatoka. Ikifunguliwa, sindano za beringi hukutwa zimechimba mifereji kwenye mikono ya msalaba. Hume angesisitiza kwamba hata hapo kinachoonekana ni mifereji, si usababishi. Ana haki, lakini shaka iliyobaki haimzuii mtu kununua krosi.

Kuna aina ya kelele inayosumbua zaidi. Krosi ina jina la Gerolamo Cardano, Mwitalia wa karne ya 16, na Robert Hooke wa Uingereza aliichunguza karne iliyofuata. Tabia yake ni hii: ikifanya kazi ikiwa imepinda, shafti inayozungushwa haiendi kwa mwendo sawa. Huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya digrii 10 tofauti ni karibu asilimia 1.5 juu na chini. Krosi ya pili hufuta kosa la ya kwanza, mradi pembe zake zilingane na masikio ya ncha mbili za shafti yakae kwenye mstari mmoja. Fundi akiirudisha sehemu ya kuteleza akiwa amekosea jino, makosa mawili hayafutani tena. Vipuri vyote ni vipya, kila kimoja kikipimwa kiko sawasawa, na gari linatetemeka. Walioinua springi bila kurekebisha pembe hupata taabu ya jamaa hiyo.

Hapa kutafuta "kitu kibovu" ni kupoteza muda, kwa sababu hakipo. Sababu ni uhusiano kati ya vitu. Aristotle alikuwa ameacha nafasi kwa jambo hili alipohesabu umbo miongoni mwa sababu, pamoja na mata, mtendaji na kusudi. Gereji nyingi humkumbuka mtendaji na mata, yaani nani alifanya na chuma gani kimekwisha, na umbo husahaulika. Hiyo ndiyo hoja ya kuweka alama ya ponchi kwenye flenji na kwenye sehemu ya kuteleza kabla ya kulegeza bolti hata moja. Alama hiyo huhifadhi kitu ambacho dukani hakiuzwi.

Matengenezo yenyewe hayana siri. Krosi mpya huingizwa kwa presi au jiliwa, klipu zikae vizuri kwenye mifereji yake, na grisi isukumwe hadi itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kisichotoa grisi hakijapata. Ugumu uko kwenye kile kinachodaiwa baadaye. Aliyebadilisha krosi, akakaza bolti, akamwaga oili ya difu na kupiga grisi mchana mmoja, kisha kelele ikaisha, amelitengeneza gari. Hajajua lilikuwa na nini, na akimwambia mwenye gari kwamba ilikuwa krosi, anasema asilolijua.

Lakini kukosa uhakika si ruhusa ya kuendelea na safari. Land Rover Discovery 2 inajulikana kwa propela yake ya mbele, ambayo upande wa transfa ina krosi pacha zisizo na nipo ya grisi. Ikikauka hulia; ikipuuzwa hukatika, na shafti inayopigapiga huweza kutoboa ganda la gia boksi. Mwenye gari hilo akisikia mlio wa kifaranga asisubiri kuujua ukweli wote: asimame, na propela ikaguliwe kabla gari halijasogea tena.