Rangi ya Dhambi na Rangi za Bendera Yetu

Somo: Isaya 1:10-20



Padri wetu ametuomba sisi tuliostaafu tuandike neno katika gazeti hili la mtaa. Mimi nilikuwa mwalimu, basi nitaanza darasani, kwa swali ambalo mtoto mmoja aliniuliza mwaka 1983 nami nikashindwa kumjibu.

Wakati ule nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu miaka michache tu. Siku za kazi nilifundisha shule ya msingi, na Jumapili watoto wale wale nilikuwa nao tena kanisani katika Shule ya Jumapili. Siku hiyo tulisoma Isaya sura ya kwanza. Mjuavyo, katika Biblia yetu ya Union Version, aya ya 18 inazungumza juu ya dhambi zilizo nyekundu, na wekundu wake unafananishwa na bendera. Msichana mmoja wa darasa la tano akanyosha mkono.

"Mwalimu, bendera yetu ina kijani, njano, nyeusi na bluu. Nyekundu haimo. Kwa nini Biblia inasema bendera?"

Kabla sijafungua kinywa akaongeza: "Tena kwenye kitabu chako dhambi ni nyeusi."

Kitabu alichokitaja wengi wenu mnakikumbuka, kile chenye kurasa za rangi bila maandishi. Mhubiri Mwingereza, Charles Spurgeon, alikihubiri London mwaka 1866: ukurasa mweusi ni dhambi, mwekundu ni damu ya Kristo, mweupe ni moyo uliotakaswa. Wengine baadaye wakaongeza ukurasa wa dhahabu, kwa ajili ya mbinguni. Changu nilikishona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa, maana miaka ile hata kupata yadi moja ya nguo ilikuwa ni foleni. Nilikipenda sana, kwa sababu mtoto hasahau kitu alichokiona kwa macho yake.

Hapo ndipo penye aibu yangu. Jumatatu asubuhi, bendera ilipopandishwa na watoto wamesimama wima, niliwafundisha kwamba kijani ni ardhi na mimea yake, njano ni madini, bluu ni maji ya bahari, maziwa na mito, na nyeusi ni wananchi, yaani wao wenyewe na baba zao na mama zao. Jumapili niliwafunulia watoto hao hao ukurasa wa kwanza wa kitabu changu nikawaambia nyeusi ni dhambi. Nilifanya hivyo bila kuona mgongano wowote. Mtoto wa darasa la tano aliuona.

Nilimwambia nitamjibu Jumapili ijayo. Walimu wenzangu wanajua maana ya ahadi hiyo.

Swali lake la kwanza lilijibiwa na mzee mmoja mzaliwa wa Pwani. Alinieleza kwamba neno bendera tuliachiwa na Wareno, lakini huko Pwani likawa pia jina la kitambaa chekundu. Bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu, haina alama yoyote, kwa hiyo mtu aliyesikia bendera aliona wekundu mbele ya macho yake. Katika Kiebrania nabii hataji bendera. Anataja rangi nyekundu ya kuchovya nguo, iliyopatikana kwa kidudu fulani. Watafsiri walitaka neno ambalo msikilizaji angeuona wekundu wake mara moja, na neno lilikuwapo. Sisi tuliozaliwa bara, chini ya bendera nyingine, ndio lililotukwaza.

Bendera hiyo nyekundu ilipepea Unguja mpaka Desemba 1963, ilipotiwa duara la kijani lenye karafuu, na mwezi uliofuata Mapinduzi yakaiondoa. Ndiyo iliyokuwa ikipepea zamani watu walipouzwa katika soko la Mkunazini, hadi mkataba wa Juni 1873 ulipolifunga. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale, na Askofu Edward Steere akalijenga. Waliofika Kanisa Kuu la Kristo wameonyeshwa altare, ambayo kwa mapokeo imesimama palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Sisemi haya ili kumlaumu Mwarabu peke yake. Mfaransa alinunua, Mwingereza naye kwa zamani zake alifanya biashara hiyo upande wa magharibi, na mikononi mwa wale waliowakamata watu huko bara ngozi ilikuwa kama yangu.

Sasa nawaomba mfungue Isaya tena, msianzie aya ya 18 kama nilivyofanya mimi miaka yote. Anzeni aya ya 10. Nabii anasema na wakuu na watu wanaokwenda hekaluni bila kukosa. Mungu amechoshwa na sadaka zao na sikukuu zao, na wakiomba hatawasikiliza, kwa kuwa mikono yao imejaa damu. Hiyo ni aya ya 15. Katika aya ya 17 anawataka watende haki, wamtetee yatima na mjane. Ndipo wekundu unapotajwa. Basi wekundu wenyewe ni damu ya mtu mwingine katika mikono ya mtu anayesali. Najua tunafundishwa habari ya dhambi ya asili, nami siipingi, lakini hiyo nayo haina rangi ya ngozi. Mzungu na Mhindi wanayo sawasawa na sisi.

Mtu ataniuliza, je, Maandiko hayasemi giza? Yanasema, tena mara nyingi. Lakini giza ni kukosa mwanga, na mtu mweusi hakukosa kitu. Weusi wa mtu unapotajwa, bibi arusi wa Wimbo Ulio Bora anausema wa kwake pamoja na uzuri wake. Katika Matendo 13, miongoni mwa manabii na waalimu wa Antiokia, yumo Simeoni aitwaye Nigeri, na neno hilo kwa Kilatini ni Mweusi. Kanisa hilo ndilo lililowawekea Barnaba na Sauli mikono likawatuma. Tena soma Hesabu 12. Musa ameoa mwanamke Mkushi, na Miriamu na Haruni wanamnung'unikia kwa ajili ya mke huyo. Mungu akakasirika, na Miriamu akapatwa na ukoma, akawa mweupe kama theluji. Katika habari hiyo weupe ndio adhabu. Nilisoma sura hiyo chuoni nikafaulu mtihani wake, lakini jambo hilo halikunigusa mpaka wiki ile.

Turudi kwenye mlingoti. Wakati wa Waingereza bendera ya Tanganyika ilikuwa nyekundu, na bendera yao ndogo pembeni, na kichwa cha twiga. Twiga ni mnyama mzuri, lakini katika bendera ile mtu wa nchi hakuwamo. Chama cha TANU kikawa na bendera ya kijani, nyeusi na kijani, na hiyo ikatiwa mistari myembamba ya njano ikawa bendera ya Tanganyika. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 ilipandishwa Dar es Salaam, na Luteni Alexander Nyirenda akaifikisha kileleni Kilimanjaro pamoja na Mwenge. Zanzibar nayo, mwisho wa Januari 1964, ikapata bendera ya bluu, nyeusi na kijani. Zitazameni hizo mbili: kila moja ilikuwa na nyeusi katikati. Zilipounganishwa, na bendera mpya kukubaliwa tarehe 30 Juni 1964, kijani cha bara kikakaa juu upande wa mlingoti, bluu ya Visiwani ikakaa chini upande wa pili, na ule weusi uliokuwa wa wote wawili ukapita kati, kutoka pembe ya chini kupanda hadi pembe ya juu, wenye njano kila upande. Zanzibar ina bendera yake tena tangu Januari 2005, nayo rangi zake ni zile zile, na bendera ya Muungano imo pembeni mwake.

Weusi huo haukuwekwa ili kumfukuza mtu. Oktoba 1961, Bunge lilipojadili sheria ya uraia, walikuwapo waliotaka uraia utazame rangi, na Mwalimu Nyerere aliwakatalia kwa ukali. Wananchi waliomo katika mstari ule ni wote, hata jirani yangu mwenye duka, ambaye babu yake alitoka Gujarati.

Wapendwa, naandika haya kwa sababu mpaka leo nawasikia watoto wetu wakiimbishwa habari ya moyo mweusi, na walimu wao ni vijana wema kama nilivyokuwa mimi. Wako pia mabinti wa mtaa huu wanaojipaka mkorogo mpaka ngozi inachubuka na kutoa maji. Sitasema ni kitabu changu kilichowafundisha kujichukia. Matangazo na picha zimefanya kazi kubwa kuliko sisi. Lakini wengi wa mama zao walikaa mbele yangu Jumapili baada ya Jumapili, na mara ya kwanza waliposikia kanisani juu ya rangi yao, ni mimi niliyewaambia.

Jumapili iliyofuata nilimjibu yule msichana mbele ya wenzake. Nilisema kwamba nilikosea, jambo ambalo mwalimu wa siku zile hakuzoea kulisema. Kisha tukakipanga kitabu upya. Ukurasa mwekundu tukauweka mwanzo, tukasoma aya ya 15 juu ya mikono, na kila mtoto akaitazama mikono yake, wengine wakacheka. Baada yake ukaja mweupe kwa msamaha, na wa dhahabu. Kwa damu ya Bwana wetu tuliweka msalaba wa ukili, maana kitambaa chekundu kingine hakikupatikana.

Kipande cheusi nilikipeleka nyumbani. Kilikuwa kitambaa kizuri, kizito kuliko vingine vyote, na mke wangu hakutaka kipotee bure. Alikishonea mfuko wa sadaka wa watoto, nao ulizungushwa kanisani mwetu mpaka ulipotoboka.