Ugonjwa Ukirudi Mara ya Tatu, Nani Aamue?



Mume na mke walikuja kuniona wakiwa hawasemezani. Mke alipasuliwa mara ya kwanza mwaka 2008, akatolewa ovari moja, yaani kimojawapo cha vile viungo viwili vinavyotunza mayai ya uzazi. Mwaka 2017 uvimbe ukarudi, akapasuliwa tena, akatolewa ovari ya pili pamoja na mfuko wa uzazi. Sasa picha zimeonyesha uvimbe mwingine tumboni, na daktari anataka kupasua mara ya tatu. Mke anasema, "Nimechoka, niacheni." Mume amekwisha kutafuta mnunuzi wa shamba. "Mwambie huyu," akaniambia, "kwamba mwili wake si wake peke yake. Mtume Paulo ameandika."

Swali lao si la nyumba moja tu, ndiyo maana nalileta hapa. Je, mwenye ndoa ana haki gani juu ya matibabu ya mwenzake? Na mgonjwa akikataa kupasuliwa, anatenda dhambi?

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe, kwa maana wengi huamua kabla hawajajua wanachoamulia. Mama huyu ana uvimbe wa seli za granulosa, aina ya kansa ya ovari iliyo adimu. Katika kansa zote za ovari, aina hii ni kama asilimia 2 hadi 5. Hukua polepole. Mara nyingi hutoa homoni ya kike, estrojeni, na kwa sababu hiyo mwanamke aliyekwisha koma hedhi anaweza kushtuka kuona damu tena. Ubaya wake ni kwamba una subira. Unaweza kunyamaza miaka 10, hata 20, kisha ukarudi, na kwa hiyo mgonjwa hupaswa kupimwa maisha yake yote. Kipo kipimo cha damu cha inhibini B kinachosaidia kuufuatilia. Ukirudi, upasuaji ndio tiba ya kwanza pale unapoweza kuondolewa wote au karibu wote, na wengine huishi miaka mingi baada yake. Wengine hupewa kemotherapi, au vidonge vya kupunguza estrojeni kama letrozole. Uvimbe mdogo usiosumbua, pengine daktari huuangalia tu kwa muda.

Mnaona basi kwamba kurudi kwa ugonjwa huu si sawa na kusema mauti yako mlangoni. Mama aliposema amechoka, nilimwuliza kama aliwahi kuelezwa hayo. Hakuwahi. Alikuwa amefungiwa mwilini mwake neno moja tu, kansa, na kila mtu alilisema kwa kunong'ona.

Sasa turudi kwa Mtume Paulo. Ni kweli, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, anasema mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe. Lakini waume wengi hufunga Biblia katikati ya aya. Nusu ya pili yasema vivyo hivyo juu ya mwili wa mume. Tena Mtume anazungumzia haki ya tendo la ndoa, wasinyimane. Hazungumzii nani atie sahihi karatasi ya upasuaji. Kuwa mwili mmoja hakumfanyi mume kuwa mwenye mali na mke kuwa mali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278, inasema wazi kwamba maamuzi ya namna hii ni ya mgonjwa mwenyewe akiwa na akili timamu na uwezo.

Mume hakupendezwa. Na mimi sikumlaumu sana. Mtu anayetaka kuuza shamba la babake ili mkewe aishi si mtu wa kukemewa kama mnyang'anyi. Kosa lake lilikuwa kutumia upendo kama amri.

Lakini mke naye hakuwa huru kabisa, kama wengine wanavyodhani siku hizi, kana kwamba mwili wangu ni wangu na basi. Uhai ni amana tuliyopewa, nasi twapaswa kuutunza kwa njia zilizo za kadiri. Papa Pio wa XII aliwaambia madaktari wa usingizi, mwezi wa Novemba 1957, kwamba wajibu huo hupimwa kwa hali ya mtu, mahali na wakati, wala haudai mzigo mzito kupita kiasi kwa mgonjwa au kwa wengine. Tamko la Roma la mwaka 1980 likaongeza kwamba kukataa tiba nzito si sawa na kujiua, na likataja hata nia ya kutoitwika familia gharama kubwa mno.

Basi nilimwuliza mama: umechoshwa na nini? Alinyamaza sana. Kisha akasema si kisu anachokiogopa. Anaogopa apone, arudi nyumbani, akute watoto wawili wametoka shule na shamba lina mwenyewe mwingine. Mumewe alikuwa hajalisikia hilo hata siku moja. Kwa miezi mitatu waligombana juu ya upasuaji, kumbe walikuwa wakibishana juu ya karo.

Kuna na jambo jingine lililomwuma. Jamaa za mume walisema kwamba mwanamke asiye na mfuko wa uzazi si mke tena, na bibi mmoja wa jumuiya akamwambia upasuaji ule wa pili ulikuwa dhambi ya kufunga uzazi. Huo ni upotovu. Papa Paulo wa VI, katika waraka Humanae Vitae wa mwaka 1968, namba 15, aliruhusu tiba iliyo lazima kuponya mwili hata kama itazuia uzazi, mradi uzazi usiwe ndio unaokusudiwa kuzuiwa. Kiungo kigonjwa kimeondolewa kuokoa mtu mzima. Na sheria ya Kanisa, kanuni 1084, inasema utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Mume aweza kuwaambia jamaa zake hivyo kwa sauti. Ni kazi yake, si ya mkewe.

Waume, nanyi mjue kwamba mke aliyetolewa ovari zote hupata joto la ghafula, usingizi hukimbia, na tendo la ndoa laweza kumwumiza. Msidhani amewachukia. Ulizeni daktari, kuna msaada.

Siku ile waliondoka na daftari la mtoto, wameandika maswali matatu ya daktari: Uvimbe una ukubwa gani, na unaweza kutolewa wote? Tukingoja miezi kadhaa tukipima, kuna hatari gani? Vidonge vikitumika badala ya kisu, vitasaidia kwa kadiri gani, na kwa gharama gani? Mume aliahidi kutouza shamba kabla ya majibu. Mke aliahidi kuyasikiliza yote kabla ya kusema hapana, naye akaomba Mpako wa Wagonjwa. Aliupokea pia mwaka 2017 na alidhani haurudiwi. Hurudiwa.