Jalala Moja Halitoshi Tena

Wanangu wa Kenyamonta, haya nimekwisha kuyasema kisimani, mnadani na kwenye mikutano ya kijiji. Nimechoka, lakini kuchoka si sababu ya kunyamaza. Nayarudia.

Wazee wetu walikuwa na jalala moja nyuma ya nyumba, na halikuwadhuru. Lilikuwa na majivu, maganda ya mihogo na makapi ya ulezi. Zikipita mvua za misimu miwili, vyote vimekuwa udongo, na boga linaota lenyewe. Sisi tumerithi jalala lile lile, lakini taka zetu si zile. Leo humo mna betri za tochi, nyembe, sindano za mifugo, kopo la dawa ya kuogeshea ng'ombe, chupa za soda na pampasi. Hivyo haviozi kwa mvua zozote tutakazoziona mimi na ninyi.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, tukashukuru. Hata hivyo vifungashio vingine vingali vinaingia majumbani, na ng'ombe hajui sheria. Akimeza nailoni yenye chumvichumvi, haisagiki. Hujikusanya tumboni hadi mnyama akonde katikati ya malisho. Kwetu ng'ombe ni mahari, ni ada ya shule. Tunamchunga mchana kutwa, kisha tunamuua kwa uchafu wetu wenyewe.

Wengine mnasema, "Tunachoma." Plastiki ikichomwa uani hugeuka moshi wenye sumu, na anayeuvuta ni mtoto aliye mgongoni mwa mama yake. Masalia yake husombwa na mvua hadi bondeni, na mabonde yetu yanaelekea mto Mara. Maji yake yanaanzia nyanda za juu za Mau kule Kenya, yanapita kwetu, yanapita chini ya daraja la Kirumi, yanaingia Ziwa Victoria. Njia nzima wamo watu wanaoyanywa.

Basi tengeni taka kabla hazijachanganyika, kwa maana zikishachanganyika hakuna atakayezichambua. Maganda na samadi viende kwenye shimo la mboji, virudi shambani. Vyuma na chupa viwekwe guniani kumngoja mnunuzi wa vyuma chakavu, au apelekewe. Kopo la dawa lisuuzwe mara tatu, maji yake yatumike pamoja na dawa, kisha litobolewe. Asithubutu mtu kutilia humo maziwa. Sindano na nyembe zikae kwenye kopo gumu lenye kifuniko, na ofisa mifugo au zahanati waulizwe pa kuzipeleka. Betri zisichomwe, wala zisitupwe majini.

Halmashauri nayo ina wajibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Tuwadai viongozi wetu mahali salama pa kupeleka vile visivyooza wala kuuzika, lakini tuwadai huku mikono yetu ikiwa safi.

Tunawaambia watoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtoto anayekatwa na chupa iliyotupwa na mkuu mwenyewe, kosa lake ni lipi? Wanangu, kesho asubuhi, kabla ya kufagia uwanja, kila nyumba iweke vyombo vitatu: cha vinavyooza, cha vinavyouzika, na cha vyenye hatari. Anzeni na hilo.