Kinga na Kujizuia

Watu wa Songea, kama Watanzania wengi, walizifahamu habari za kinga ya mwili kupitia UKIMWI. Mnasihi alikaa na mgonjwa, akamweleza kwamba chembe nyeupe za damu ni askari, virusi ni adui, na CD4 ni hesabu ya askari waliosalia. Somo lile liliwaokoa wengi, na silibezi. Lakini lilituachia picha moja tu, kwamba mwili wenye kinga nzuri ni ule unaopigana vizuri. Na mji wetu huu, wenye Makumbusho ya Majimaji na ambao kila Februari huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa mwaka 1906, hauhitaji kushawishiwa sana kuwaheshimu wapiganaji.

Sasa, sehemu kubwa ya askari hao haiko vitani. Imepiga kambi kwenye kuta za utumbo, na jirani zao ni bakteria. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 yanasema mtu mzima anabeba bakteria trilioni 38 hivi, idadi inayokaribiana na ya chembe zake mwenyewe, na wengi wao wanaishi kwenye utumbo mpana. Askari hawa wangekuwa wa kumrukia kila wasiyemjua, utumbo ungegeuka kidonda kitupu. Kuna watu ambao kwao hali hiyo hutokea kweli: kinga hupoteza subira kwa bakteria wa kawaida, na mgonjwa huishi na uvimbe sugu, maumivu na kuhara damu kwa miaka.

Kwa hiyo kinga, usiku na mchana, hufanya kazi tusiyoisifu: inajizuia. Ukuta wa utumbo hutandika ute unaowaweka bakteria hatua kidogo nyuma. Kingamwili za aina ya IgA humwagwa humo kila siku, nazo huwashika bakteria na kuwazuia wasisogee, mara nyingi bila kuchokoza uvimbe wowote. Halafu zipo chembe ambazo wajibu wake ni kuwatuliza askari wenzao. Hizo ndizo zinazonivutia zaidi, maana hazilali. Chembe yenye kazi ya kutuliza lazima iwe macho kuliko zote.

Nani anaifundisha kinga tabia hiyo? Kwa sehemu kubwa, bakteria wenyewe. Panya waliokuzwa maabara bila bakteria hata mmoja hubaki na kinga changa, na vituo vyake vya utumboni haviivi. Sisi tukila maharage, majani ya maboga au ugali wa dona, kuna nyuzinyuzi tusizoweza kuzimeng'enya. Bakteria huzichachusha na kutoa asidi ndogondogo, mojawapo ikiitwa butireti, ambayo hulisha ukuta wa utumbo na kuzisaidia zile chembe za kutuliza ziongezeke. Hata maziwa ya mama yana sukari za aina ambayo mtoto hawezi kuimeng'enya kabisa. Hazikuwekwa kimakosa. Zinawafuata bakteria wa kundi la bifido tumboni mwake. Mwili wa mama unatumia nguvu zake kulisha viumbe ambao si wanawe, ili mwanawe awe salama. Nimetafuta tendo la ukarimu linalopita hilo, sijalipata.

Mwaka 2025 watafiti wa Kilimanjaro na wenzao wa Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanaume 77 wenye afya njema. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini walipewa kwa wiki mbili vyakula vya kisasa, vya kukaangwa na kusindikwa. Wa mjini wakarudishwa kwenye chakula cha asili. Wengine walikunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Damu ya waliohamia vyakula vya kisasa ilionyesha dalili za uvimbe kupanda, na chembe zao za kinga zikawa dhaifu zilipokutanishwa na vijidudu. Kwa waliorudi kwenye chakula cha asili, na kwa wanywaji wa mbege pia, dalili za uvimbe zilishuka. Wiki nne baadaye baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana. Ni watu wachache, wote wanaume, na muda ni mfupi. Wapenzi wa komoni, pombe ya huku kwetu, wasianze kushangilia, maana pombe ina hesabu zake nyingine. Lakini tazama mpangilio wa matokeo: askari waliochokozwa kila siku na chakula ndio waliokuwa dhaifu adui alipokuja.

Huku kwetu kinywaji cha kufikiria ni togwa. Uji wa mahindi unapikwa, unaachwa upoe, kisha kimea cha ulezi kinatiwa na kuachwa kifanye kazi hadi uchachuke. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe, akina Wilbald Lorri, walishaandika miaka ya 1990 kwamba watoto waliopewa uji uliochachuliwa namna hii waliharisha mara chache kuliko wenzao. Hata hivyo, kwenye sherehe nyingi siku hizi togwa inaanza kuonewa haya, soda ndiyo inapewa meza ya mbele.

Nikiwasifu bakteria, nisieleweke kwamba nasema uchafu ni baraka. Mkoa wa Ruvuma unavuna mahindi ya kulisha mikoa mingine, na bado udumavu wa watoto wetu umezidi kiwango cha taifa, ambacho mwaka 2022 kilikuwa asilimia 30. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni utumbo unaoshambuliwa kila siku na vijidudu vya kinyesi kupitia maji na mikono. Kinga ya mtoto huyo inapigana mfululizo, na nguvu ambayo ingemwongezea kimo inaishia vitani. Choo bora na sabuni ndivyo vinavyoipa kinga yake nafasi ya kutulia.

Tena kuna kujizuia kwetu sisi wenyewe. Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoenea leo nchi nzima, yalianzia majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003. Wauzaji walifundishwa, maduka yakakaguliwa, na vijiji visivyo na famasi vikapata dawa za kuaminika, zikiwemo baadhi ya antibiotiki. Ni sifa ya mkoa huu. Lakini antibiotiki haichagui. Inaua mkaidi pamoja na mwenyeji mwema, na kwa mtoto mdogo ambaye kinga yake bado iko darasani, hiyo ni hasara maradufu. Mama anapoingia dukani na mtoto anayeharisha maji, bila damu na bila dalili za hatari, anachostahili kupewa ni ORS na vidonge vya zinki. Bei yake ni ndogo, faida ya muuzaji ni ndogo zaidi, na mama mwenyewe huenda akaondoka akinung'unika kwamba hakupewa dawa ya nguvu. Muuzaji anayempa hivyo hivyo, akamweleza kwa upole namna ya kukoroga na dalili za kumkimbiza mtoto hospitali, amepunguza mauzo yake ya siku. Sijaona utaratibu wowote unaomlipa kwa hilo.