Ndege wa Lutembe na sisi tunaosema "niko hapa kwa muda"



Kuna neno ambalo sisi wakimbizi tunalisema sana, hata hatusikii tena uzito wake. Tunasema, "Mimi niko hapa kwa muda tu." Jirani akituita tuje kuzibua mtaro, tuko hapa kwa muda. Mama akishauriwa apande hata mparachichi mmoja nyuma ya nyumba, anauliza matunda yake atamwachia nani. Baba amekaa Kampala miaka 11 na Kiganda chake bado ni salamu na bei ya mkaa. Neno lenyewe si uongo. Wengi wetu tunangoja kweli: wengine wanangoja simu ya safari ya nchi ya tatu, wengine wanangoja amani ya Kivu, ambayo tangu Goma ilipoanguka Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, imezidi kwenda mbali. Lakini tujiulize: mtu asiyekusudia kukaa mahali, je, ana wajibu wowote kwa mahali hapo? Au wajibu ni wa wenyeji peke yao, na mpita njia deni lake ni kusema asante na kuondoka?

Nitalijibu swali hili kwa njia ya ndege. Najua wengine watacheka, maana mtu mwenye deni la kodi ya nyumba hana nafasi ya kutazama ndege. Lakini Bwana wetu mwenyewe, alipokuwa akisema na watu waliohangaikia chakula na mavazi, aliwaambia wawatazame ndege. Hakungoja kwanza washibe.

Ukitoka Kampala kuelekea Entebbe, upande wa kushoto, kuna ghuba ndogo ya Ziwa Victoria inayoitwa Lutembe. Wazee wa huko husimulia habari za mamba aliyeitwa kwa jina hilo, aliyekuwa akija akiitwa ili apewe samaki. Siku hizi Lutembe inajulikana kwa ndege. Kuanzia Septemba na Oktoba, baridi inapoanza kule kaskazini, wanafika kwa maelfu mengi. Kuna vitwitwi wenye miguu mirefu wanaochokora matope, kuna shakwe, na zaidi ya wote kuna buabua mwenye mabawa meupe. Huyu ni ndege mdogo wa majini, jamaa ya shakwe, mwenye uzito wa gramu 60 hivi. Huzaliana katika vinamasi vya Polandi, Belarusi, Ukraina na Urusi, na mbali zaidi ndani ya Asia. Kisha huja kwetu. Hula samaki wadogo na wadudu wa ziwani, wale wanaopaa kama moshi na ambao Waganda huwaita sami.

Nilikwenda huko mwezi wa Machi pamoja na vijana wa kwaya, tukiwa na darubini moja ya kuazima. Machi ndiyo mwanzo wa masika kwetu, na kule kaskazini theluji inaanza kuyeyuka. Ndege walikuwa wametua juu ya visiwa vya mafunjo, wengi mno, na kila mara kundi zima liliruka kwa pamoja na kutua tena. Kijana mmoja akauliza kwa nini wengine ni weupe, wengine wana madoa meusi kama nguo iliyomwagikiwa wino. Mwenye mtumbwi akatueleza kwamba wanabadilisha mavazi. Wakiwa kwetu miezi ya katikati huwa na rangi hafifu, nyeupe na kijivu. Safari inapokaribia, manyoya meusi huanza kuota mwilini, na wanapofika kwao kutaga mayai wamekuwa weusi mwilini, na mabawa ni meupe.

Nilipouliza zaidi kwa watu wanaowajua ndege, nikapata jambo lililonikaa moyoni. Si rangi tu inayobadilika huku. Manyoya makubwa ya mabawa, yale ya kurukia, huchakaa kama viatu vinavyochakaa. Buabua akiwa Afrika huyaangusha manyoya hayo kidogo kidogo, na mapya huota mahali pake. Hawezi kuyaangusha yote kwa siku moja, maana angeanguka majini. Anafanya hivyo taratibu, mwezi baada ya mwezi, huku akila samaki wa ziwa hili. Kwa hiyo mabawa yatakayompeleka kwao hakuja nayo. Yameota hapa Uganda, yametengenezwa kwa chakula cha Uganda.

Basi mseme ninyi: ndege huyu yuko Lutembe "kwa muda tu"? Ndiyo. Je, muda huo ni chumba cha kungojea, ambamo maisha yamesimama? Hapana. Kama angekaa miezi sita juu ya mafunjo bila kula wala kuota manyoya, kwa sababu kwao si hapa, mwezi wa Aprili asingeweza kwenda popote.

Wenyeji wa kule kaskazini nao walichelewa kuelewa kwamba ndege wao wana kwao kwingine. Kwa karne nyingi watu wenye elimu Ulaya waliamini kwamba mbayuwayu hulala kwenye matope chini ya maziwa wakati wa baridi. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz, Ujerumani ya kaskazini, alipigwa risasi korongo mweupe mwenye mshale umepenya shingoni, mshale wa urefu wa sentimita 80 hivi, wa namna inayotengenezwa Afrika ya kati. Alikuwa ameruka nao njia yote. Korongo huyo bado amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Wajerumani waliambiwa habari za nchi ya pili ya ndege wao na jeraha lake. Nadhani wengi wetu tunajua jambo hilo lilivyo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa kuna shimo ambalo wahubiri wengi hutumbukia. Husemwa kwamba mkimbizi ni kama ndege anayehama, hana mpaka, yuko huru. Mimi sikubali. Buabua hafukuzwi, anaitwa na majira. Hakuacha nyumba inaungua. Na kila mwaka anarudi, jambo ambalo hakuna anayeweza kutuahidi. Anayetaka mfano wa ndege na vita amtazame tai. Mwaka 2022 wataalamu walikuwa wakiwafuatilia tai 19 waliofungwa vifaa vidogo mgongoni, wakipita Ukraina kwenda kwenye viota vyao Belarusi, na vita vikawakuta njiani. Walizunguka, wakaruka kilomita 85 zaidi kwa wastani, na wengi hawakutua mahali walipozoea kupumzika. Lakini walifika. Mamilioni ya watu wa Ukraina waliokimbia mwaka ule ule hawawezi kusema hivyo.

Kwa hiyo ndege hawezi kutujibia swali lote. Anatuonyesha kwamba muda wa kupita ni maisha kamili. Hatuonyeshi la kufanya ikiwa kurudi hakupo. Hilo tuwaulize wakimbizi wenzetu waliotutangulia katika nchi hii.

Wengi hawajui kwamba kabla yetu Uganda iliwapokea wakimbizi wazungu. Mwaka 1942 walianza kufika Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wametolewa kwa nguvu mashariki mwa Polandi mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Kazakistani, kisha wakapitia Irani mpaka Afrika Mashariki. Hapa Uganda watu 7,000 hivi waliwekwa katika makambi mawili, Nyabyeya karibu na Masindi, na Koja huko Mukono, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Fikirini jambo hili: watu wa Koja walikaa kando ya ziwa ambalo kila Oktoba buabua hulijia, na ndege wa namna hiyo hiyo huzaliana katika vinamasi vya upande ule ule walikotoka wao. Kila Aprili ndege waliondoka kwenda huko. Watu walibaki. Na vita vilipokwisha mwaka 1945, sehemu walizotoka zilikuwa zimechukuliwa na Umoja wa Kisovieti. Wengi hawakurudi kamwe, walikwenda Uingereza, Kanada na Australia.

Lakini katika miaka hiyo hiyo ya kungoja, wale wa Nyabyeya walijenga kanisa. Si la maturubai. Ni jengo imara, ambalo hata leo linasimama na wenyeji wanasali ndani yake. Koja walizika wafu wao, na makaburi yapo hadi leo. Mtu atauliza, kwa nini ujenge kanisa imara mahali unapongoja meli ya kukuondoa? Mimi naona jibu ni kwamba walihitaji kusali mwaka ule, si mwaka watakapofika. Mahitaji ya mwaka ule yalikuwa ya kweli kama mahitaji ya mwaka mwingine wowote. Barua ya Yeremia kwa waliohamishwa Babeli sitairudia, mmeisikia kwangu mara nyingi na nimewaona mkipiga miayo.

Najua baadhi yenu mtasema nini, kwa sababu mtu mmoja aliniambia nje ya kanisa. Alisema, "Pasta, ndege wana mkataba wa kimataifa, na mimi nina foleni." Ana haki ya kusema hivyo. Ni kweli ndege wana mikataba: ule wa Ramsar wa mwaka 1971 kuhusu ardhi oevu, na ule wa ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, uliofikiwa mwaka 1995. Lakini tazameni tarehe nyingine. Mwaka 2006 Uganda ilipitisha sheria ya wakimbizi, inayotupa haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, sheria ambayo nchi nyingi tajiri haziifikii. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, ghuba ya Lutembe iliandikishwa chini ya mkataba wa Ramsar, pamoja na Mabamba anakokaa bulwe, yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu. Na pamoja nazo yakaandikishwa maziwa na vinamasi vya Mburo na Nakivale. Ndiyo, Nakivale. Ninyi mnaochota maji huko mnaishi ukingoni mwa mahali palipotengwa kwa ajili ya wapita njia wa namna mbili.

Sheria zote mbili zina wazo moja ndani yake, kwamba mwenyeji anadaiwa kitu na yule asiye wake. Haijalishi kwamba buabua hatagi yai hata moja Uganda. Sisi tunaishi kwa wazo hilo kila siku, tunalala juu yake. Sasa ikiwa tunamwambia mwenyeji, "Una wajibu kwangu ingawa mimi si wa hapa," tutawezaje kugeuka na kusema, "Mimi sina wajibu kwa hapa kwa sababu si wa hapa"? Kamba ile ile tunaivuta upande mmoja na kuikata upande wa pili.

Sisemi wajibu ni sawa. Mwenye shamba na mwenye chumba kimoja cha kupanga hawadaiwi kiasi kimoja, na mjane mwenye watoto watano hatadaiwa mitaro ya jiji. Wako wenye mitaji mikubwa wanaofukia vinamasi kwa magari ya udongo, na kukata mafunjo ekari kwa ekari. Hao si wakimbizi, na hesabu yao ni yao.

Lakini hesabu yetu nayo ipo. Mnajua tunavyofanya mvua inaponyesha usiku kule Katwe na mabondeni mengine. Mtu anangoja maji yajae mtaroni, halafu anatoka na gunia la takataka na makaveera, analimwaga, na maji yanachukua. Asubuhi uwanja ni safi. Lile gunia limekwenda wapi? Mtaro unaingia Nakivubo, Nakivubo inapita katika kinamasi, kinamasi kinaingia ghuba ya Murchison. Zamani mafunjo yalikuwa mapana na yaliyachuja maji yetu bure, leo sehemu kubwa imekatwa. Kutoka ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba, huvutwa maji yanayorudi Kampala katika mabomba. Na mdomoni mwa ghuba hiyo ndiko ilipo Lutembe. Tunayemtupia uchafu ni ndege, ni mvuvi, na ni mtoto wetu mwenyewe anayekunywa kwenye jerikeni. Wenyeji nao hufanya hivyo, sikatai. Ila sijaona mahali popote ambapo kosa la mwenyeji limekuwa ruhusa ya mgeni.

Kuhusu mparachichi: wa kupandikiza huweza kuanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Wengi wetu tumekwisha kungoja zaidi ya hapo.

Mpaka mwisho wa Aprili buabua wengi watakuwa wamekwenda. Wachache, hasa wachanga ambao bado hawajafikia umri wa kutaga, hubaki ziwani mwaka mzima. Vijana wa kwaya wanataka kurudi Lutembe Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo, na mara hii akina mama wameomba nafasi. Anayetaka kwenda amwambie katibu wa vijana mapema, nauli ya taksi na mchango wa mtumbwi kila mtu atajilipia. Mje na kofia na maji ya kunywa. Darubini ni ile ile moja, tutapokezana.