Malaria ya Jumatatu

Kila Jumatatu mume huyu alikuwa na malaria. Mkewe ndiye aliyempigia simu mwenye gereji alfajiri, akisema kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie: baba watoto ameamka na homa, atakuja kesho, tuwie radhi. Voi ni mji wa joto na mbu, na hakuna anayebisha mtu akisema ana malaria. Wiki nyingine likawa tumbo, nyingine mgongo. Mwishowe mke akawa anawazika kwa simu watu wa ukoo waliokuwa hai na wazima.

Kisa hiki si cha nyumba moja, na msomaji asihangaike kumtafuta mwenyewe. Nimekiunga kutokana na mambo yanayojirudia katika nyumba nyingi za Taita Taveta, kwa sababu yanawameza watu wema huku wakiamini kwamba wanaokoa. Mume nimemfanya fundi wa malori, kwa kuwa Voi ni mji wa njia: barabara ya Mombasa na Nairobi inapita hapo, na ya Taveta inachepuka hapo kuelekea mpaka wa Tanzania. Mke nimemtoa juu milimani Dawida, nikamwoza Sagalla ya chini, kwenye vijiji vilivyo jirani na mbuga ya Tsavo Mashariki, ambako wakulima hutundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba ili kuwazuia ndovu. Kazi yake ni kuuza mboga sokoni Voi.

Mwanzoni mume alikunywa kama wanavyokunywa wengi. Mnazi Jumamosi na wenzake, mbangara palipokuwa na sherehe. Halafu ikawa kila jioni, na jioni ikawa inaanza mapema. Kisha likaja jambo ambalo mke hakulielewa: asubuhi mikono ya fundi ilitetemeka hata spana haikukaa kwenye nati, na hakuweza kushika kazi mpaka apate kikombe cha kuzimua. Wenzake waliliita jambo hilo kutoa loki, wakacheka. Mke alidhani ni uchovu. Hapo ndipo alipostahili kushtuka. Mtu anayetetemeka mpaka anywe hanywi tena kwa starehe. Mwili wake umeizoea pombe kiasi cha kuidai, na kuanzia hapo jambo lake ni la daktari, kama vile kisukari na shinikizo la damu yalivyo mambo ya daktari.

Hakupelekwa kwa daktari. Mke alilipa deni la mama pima, muuza pombe, kwa pesa za sukuma wiki ili mumewe asiaibishwe mbele za watu. Mama mkwe alimbariki kwa hilo: "Mwanangu, umetusitiri." Usiku alichukua tochi akamfuata kilabuni, kwa sababu ndovu huvuka njia ile na mlevi hasikii tawi likivunjika. Alipochoka na safari za usiku akafanya jambo ambalo kwa hesabu zake lilikuwa la busara: akawa ananunua chupa mwenyewe akitoka sokoni, ili mume anywe akiwa nyumbani salama. Aliyewahi kusikia ndovu wakila mahindi nyuma ya nyumba usiku hawezi kumlaumu mama huyu, nami simlaumu. Lakini tangu siku hiyo pombe ilikuwa na mtu wa kuilipia, wa kuibeba na wa kuitolea udhuru, na mnywaji hakubakiwa na sababu yoyote ya kujiuliza anaelekea wapi.

Kazi iliisha siku gurudumu la trela lilipochomoka njiani baada ya kufungwa na mikono ile. Hakuna aliyeumia, ila mwenye gereji alijua ukweli wote kwa siku moja. Ndipo kaka zake wakakutana. Walikuwa wanaume wa heshima, na mmoja wao mzee wa kanisa. Wakaamua kwamba dawa ya pombe ni kutokunywa pombe, wakamfungia chumbani kwa kufuli, wakampa maji na uji, wakapanga zamu za kumlinda.

Siku ya kwanza alitoka jasho na kutapika. Walifurahi, wakisema sumu inatoka. Siku ya pili alikuwa akifukuza wadudu ukutani ambao hakuna mwingine aliyewaona, na akimwita baba yake aliyekwisha kufa. Jirani akasema ni pepo, maombi yakaongezwa. Usiku ule alipatwa na kifafa, akapata kingine kabla gari halijapatikana. Alikata roho kabla hawajafika Voi mjini. Chupa aliyokuwa akiililia ilikuwa imefichwa kabatini kwa mama mkwe, bado imefungwa.

Watu wengi wakisikia mwisho wa namna hii husema pombe imemuua. Ni kweli, lakini jibu hilo halimsaidii anayefuata. Kilichomuua siku ile ni kuachishwa ghafla. Pombe hupunguza kasi ya ubongo, na ubongo ulionyweshwa kila siku kwa miaka hujifunza kujiongezea kasi ili mtu aweze kuamka na kutembea. Fundi angeelewa haraka: ni lori ambalo dereva amekanyaga mafuta na breki kwa pamoja, halafu breki ikaachiliwa. Kutetemeka huanza saa chache baada ya kikombe cha mwisho. Kifafa mara nyingi huja ndani ya siku mbili za kwanza. Kuchanganyikiwa kukali, pamoja na kuona visivyokuwepo, joto la mwili na moyo kwenda mbio, kwa kawaida huanza kati ya siku ya pili na ya nne, na bila matibabu kunaweza kuua. Hospitalini hatari hiyo hupunguzwa sana kwa dawa za kawaida. Mgonjwa hupewa dawa za kutuliza kama diazepam, zinazopunguzwa hatua kwa hatua kwa siku kadhaa, na vitamini B1 ili kuulinda ubongo. Hatari hii si ya kila mnywaji. Ni ya yule anayetetemeka asubuhi, anayekunywa kutwa, au aliyewahi kupata kifafa alipoacha. Huyo asiachishwe nyumbani na mtu yeyote, hata akiomba mwenyewe kwa machozi. Aende hospitali kwanza.

Na kumtambua si kazi ya kubahatisha. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya maswali 10 iitwayo AUDIT, ambayo daktari, muuguzi au mshauri anaweza kuipitia na mtu kwa dakika chache. Inauliza mtu hunywa mara ngapi na kiasi gani, kama amewahi kuhitaji kinywaji asubuhi, kama kuna jamaa aliyeonyesha wasiwasi. Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi sita zilizotumiwa kuandaa maswali hayo, pamoja na Australia, Bulgaria, Mexico, Norway na Marekani. Kwa hiyo asije mtu akasema ni mambo ya kigeni yasiyotuhusu. Yalitungwa wagonjwa wetu wakiwemo.

Narudi kwa mke, kwa sababu yeye ndiye niliyemkusudia tangu mwanzo. Kwetu kusitiri aibu ya nyumba ni sifa, na sitaki mtu aiache sifa hiyo. Lakini alichokuwa akikisitiri mama huyu kilikuwa ugonjwa, na ugonjwa uliofichwa hautibiwi. Nchini Marekani, mwaka 1999, William Miller na wenzake walichapisha utafiti uliohusu jamaa 130 wa walevi waliokataa matibabu. Kundi moja lilifundishwa kumkabili mlevi kwa kikao cha ukoo, kila mmoja akimsomea makosa yake. Kundi jingine lilifundishwa kuishi naye kwa njia nyingine: kuzungumza naye akiwa hajanywa, kumpa ukaribu na furaha siku anapokuwa mzima, kujiondoa kwa utulivu anapokunywa, kuacha kumlipia na kumdanganyia, na kuwa na jina la kliniki tayari kwa saa ile anapochoka mwenyewe. Katika kundi la kikao cha ukoo, asilimia 30 ya walevi waliingia kwenye matibabu. Katika kundi lile jingine walikuwa asilimia 64. Kaka wa mume, pamoja na kufuli lao, walichagua njia kali kuliko hata ile iliyoshindwa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo watafiti wa mbali hawakulazimika kulifikiria. Ushauri wa kumwacha mtu aonje matokeo ya ulevi wake una mpaka, na Sagalla mpaka huo una pembe na mkonga. Kumfuata mtu gizani asikanyagwe na ndovu ni kulinda uhai, na mke aliyefanya hivyo alifanya vema. Kumpigia mwajiri simu ya uongo asubuhi yake ni kulinda pombe. Hayo mawili yalichanganyika katika nyumba ile mpaka hakuna aliyeweza kuyatenganisha, na jukumu la kuyatenganisha lisingeweza kubebwa na mtu mmoja aliyelala kwa saa tatu tu. Kama mama mkwe angemwambia, "Mwanangu, tumpeleke hospitali, mimi nitakwenda nawe," huenda ningekuwa na kisa kingine cha kuandika.

Kulikuwa pia na hasira, nayo hakuna aliyeiuliza. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wataita na kuchapisha kitabu juu ya dini yao mwaka 1978, alieleza desturi ya kutasa: mtu hupiga funda la pombe, au maji, akalipuliza nje huku akitamka maneno ya heri, na hivyo kuitoa hasira iliyojificha moyoni. Wazee waliamini kwamba hasira ya jamaa ikifichwa huleta maradhi nyumbani. Mama huyu alikuwa binti wa Dawida, na alikaa na hasira yake kimya miaka yote, akitabasamu sokoni. Angestahili mahali pa kuitoa. Lois Wilson, mke wa mmoja wa waanzilishi wa chama cha walevi wanaopona, Alcoholics Anonymous, alimuuguza mumewe kwa miaka mingi, na mume alipoacha kunywa ndipo alipogundua jinsi hasira ilivyokuwa imemjaa yeye. Mwaka 1951 alishiriki kuanzisha Al-Anon, vikundi vya jamaa za walevi, ambako watu hukutana na kusema yaliyowafika. Neno moja wanaloambiana ni kwamba hukumletea mwenzako ulevi na huwezi kumponya kwa nguvu zako. Mke wa fundi alihitaji kusikia neno hilo. Chama cha akina mama kanisani au msikitini kinaweza kulisema, kikiamua kunyamazisha umbea kwanza.

Wengine wataninyooshea kidole kwamba nimeisahau serikali. Sheria ya vileo ya 2010, ambayo Wakenya huiita sheria ya Mututho, iliweka saa za baa, kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi. Ni sheria nzuri ikifuatwa, na katika utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, Pwani ilikuwa ya pili nchini kwa wingi wa wanywaji, baada ya Magharibi. Lakini sheria haifiki kabatini kwa mama mkwe.

Jambo moja zaidi, nalo halina mjadala. Yote niliyosema kuhusu subira yanamhusu mlevi asiyeinua mkono. Anayempiga mkewe au watoto, mke huyo aondoke kwanza, maswali ya tiba yaje baadaye akiwa mahali salama. Nambari 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto, zote bila malipo. Anayemshauri avumilie kwa ajili ya ndoa anamshauri vibaya.

Kwa habari ya pombe yenyewe, nambari ya NACADA ni 1192, nayo haitozwi. Ndugu wanaopanga kumfungia mtu wao chumbani waipige kabla hawajanunua kufuli.